Wageni wa Bi Chiku

Roza Mihayo alifika Iringa tayari amechoka. Msije mkamwita mvivu, maana nitagombana na mtu. Binti aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake kwenye mbuga za Usangu uvivu angeujulia wapi? Likizo ile yote alikuwa anamuuguza mama yake. Mama akapata nafuu, mpunga nao ukawa umeiva, watu wakaingia shambani. Mpunga haujakauka vizuri, siku ya safari ikafika. Basi la kutoka Mbeya, ambalo yeye alilipandia Chimala, likafia Nyololo, abiria wakajikunyata humo ndani mpaka kulipokucha, kwa baridi ile ya mwezi wa sita ambayo mtu wa mbugani akiipata mara ya kwanza anadhani ni ugonjwa. Alipoteremka stendi ya Iringa na sanduku lake la bati, kitu alichokuwa anakitaka duniani ni mahali pa kujinyoosha tu.

Hakupapata. Alifikia Kihesa kwa Mama Paskalina, mtu aliyefahamiana na wazazi wake tangu enzi alipokuwa anauza vitunguu Mbalizi. Mama Paskalina alikuwa mwema sana wa maneno. "Karibu mwanangu, hapa ni kwenu," alimwambia, na kweli Roza akawa wa pale pale: maji ya alfajiri achote yeye, watoto awaogeshe yeye, masufuria ya jioni yamsubiri yeye. Kulala, alilala mkeka mmoja na watoto wa nyumba, na mmoja wao alikuwa anapiga mateke usingizini. Mchana sasa ndiyo iwe kazi iliyomleta.

Kazi yenyewe ilikuwa ya chuo. Roza alikuwa anasoma historia Dar es Salaam, mwaka wa pili, na ilikuwa lazima kila mwanafunzi akafanye mafunzo kwa vitendo. Wenzake wakapelekwa maofisini. Yeye wakampa Nyumba ya Mzee Jaha. Huyo Jaha alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, alipanda huku nyanda za juu wakati wa Mjerumani akiuza nguo na chumvi, akatajirika, akajenga nyumba ya mawe yenye kuta nene na mlango wa nakshi ambao Iringa nzima hakuna mfano wake. Alipofariki, warithi wake wakatawanyika, nyumba ikaishia mikononi mwa serikali, na serikali ikaamua iwe makumbusho, watu waje waone wazee waliishi vipi. Vitu vikakusanywa, vikapangwa vyumbani, na tangu hapo hakuna aliyejua kipi ni kipi na kimetoka wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli ya Roza, kuorodhesha kila kilichomo.

Mwenye nyumba, kwa maana ya aliyekabidhiwa, alikuwa Ndugu Saulo, Afisa Utamaduni, Mbena wa Njombe mwenye kaunda suti iliyopauka mabegani. Naye alikuwa amechoka, ila uchovu wake ulikuwa wa ofisini. Ameomba baiskeli, kimya. Ameomba taa, kimya. Alimwonyesha Roza kazi bila kuinuka kwenye kiti.

"Unapima, unaandika kadi, halafu unakipa namba," alisema. "Namba isifutike, Dada Roza. Kitu bila namba ni takataka."

Namba haifutiki hivi: unapaka tone la rangi nyeupe mahali pasipoonekana, likikauka unaandika kwa wino mweusi, kisha unafunika kwa rangi ya kucha ile isiyo na rangi. Naam, rangi ya kucha. Watu bado walikuwa wanakumbuka vijana walivyokuwa wakiwafukuza wasichana mitaani kwa sababu ya vimini na mawigi, na hapa Afisa Utamaduni mzima, mlinzi wa maadili ya taifa, anaingia duka la Yunusu anaulizia rangi ya kucha. Yunusu akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Ya mama au yako, mheshimiwa?" Tangu siku ile Ndugu Saulo alimtuma Roza.

Basi Roza akawa anapima. Vinu, sinia, mabuli, masanduku ya mninga, viti vilivyoliwa na dumuzi. Vumbi lilimkaa kooni mpaka chai ikawa na ladha ya vumbi. Aliandika amepiga magoti, mgongo unamuuma, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya kuta zile za mawe. Kila kadi ilikuwa na mistari yake: jina la kitu, kimetengenezwa na nini, vipimo, hali yake. Mwisho kabisa, "kimepatikanaje". Majibu yaliyokubaliwa yalikuwa yamechapwa kabisa ili mtu asisumbuke kufikiri: kimenunuliwa, kimeokotwa, kimetolewa. Unachagua moja, unaendelea.

Kwa mambo ya asili ya vitu alimwuliza Bi Chiku. Bi Chiku alikuwa bibi mwembamba, mjane wa fundi cherehani mmoja aliyeitwa Muharami, na alikaa uani, chumba cha pembeni karibu na jiko la zamani. Baba yake alikuwa msimamizi wa wapagazi wa Mzee Jaha, yeye mwenyewe aliozwa kutoka nyumba ile, na alipofiwa na mumewe akarudi pale pale. Serikali ilipokuja ikamkuta, ikamwacha. Hakuandikwa kazi yoyote, ila kila asubuhi alifagia ua na kumwagia maji vumbi lisipande, kwa sababu, alisema, wageni wanakuja.

Alimpenda Roza kuanzia siku ya kwanza. Roza alimwamkia "Shikamoo bibi" kwa lafudhi yake ya Kisukuma, bibi akacheka mpaka akashika ukuta.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali wewe. Ulimi wako bado uko njiani."

Chumba cha mbele, kile cha kulala cha Mzee Jaha, kilikuwa ndicho fahari ya nyumba. Katikati kilisimama kitanda cha kamba, kipana, matendegu yake yamechongwa kwa mkono kuanzia juu mpaka chini, ubao wa kichwani una maua. Kilikuwa kimezungushiwa kamba ya katani ili wageni wasikikalie. Ulikuwa mchana wa njaa, Roza hajatia kitu tumboni tangu chai ya alfajiri, na alikuwa na hamu ya kumaliza chumba kile.

"Bibi, hiki kitanda kilitolewa na nani?"

Bi Chiku alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake. "Nilikitoa mimi, mwanangu."

"Wewe mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu hii. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kufungua nyumba, na chumba kitupu! Mzee Jaha kitanda chake warithi walishakibeba zamani. Aibu gani ile? Nikakitoa."

"Mungu akubariki, bibi."

"Amina," alisema Bi Chiku, akarudi kufagia.

Roza akaandika "kimetolewa na Bi Chiku, mjane wa Muharami", akalala chini ya kitanda, akapaka rangi, wino na rangi ya kucha nyuma ya tendegu la miguuni, akaondoka. Kwake kutoa kulikuwa kutoa. Kanisani mtu anatoa, kwenye harambee mtu anatoa, na mtu akishatoa anashukuriwa. Na kweli Ndugu Saulo alipopitia kadi alifurahi, maana vitu vilivyotolewa na wananchi vilipendeza sana kwenye taarifa. Akapeleka orodha makao makuu, akaagiza hati ya shukrani yenye mhuri, wakampa Bi Chiku, wakapiga makofi. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka chumbani kwake.

Mwezi wa saba ukaingia na upepo wake. Kihesa watoto wote wakaugua mafua, Roza akawa hafumbi macho. Siku moja aliinuka ghafla kutoka kupima sanduku, akaona giza, akaketi sakafuni kabla hajaanguka. Faustin, mlinzi wa getini, akapiga kelele, Bi Chiku akaja mbio na kikombe cha maji.

"Hebu njoo ujinyooshe kwangu. Njoo, njoo. Mtoto wa watu atatufia hapa."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Roza kuingia chumba kile cha uani. Kilikuwa safi, na kilikuwa kitupu. Sakafu ya udongo, jamvi, juu ya jamvi mkeka, juu ya mkeka blanketi moja lililokunjwa. Ukutani ile hati ya shukrani, imetundikwa kichwa chini miguu juu. Roza akajilaza, na baridi ya ardhi ikapanda, ikapita mkeka, ikamwingia mbavuni. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, na ilimuuma. Alimtazama bibi aliyekuwa amechuchumaa pembeni akikohoa kile kikohozi chake ambacho kila mtu pale alikizoea.

"Bibi, huna kitanda?"

Bi Chiku akacheka. "We mwana we! Umekipaka wino mwenyewe, halafu unaniuliza kitanda kiko wapi?"

Roza akainuka akaketi. "Si ulikitoa?"

"Nilikitoa. Nilikitoa humu, nikakipeleka kule, wageni wakione. Marehemu alikiagiza kwa fundi wiki tuliyooana. Mgeni anapewa kitanda, mwenyeji analala chini, si ndivyo? Hata kwenu nadhani ndivyo."

"Ndivyo, bibi."

"Yule bwana wa kwanza wa ofisi hii, aliyehamia Songea, aliniambia nikitoe kwa ajili ya wageni. Nikatoa. Sasa wageni wenyewe hawaishi, mwanangu! Leo wa shule, kesho Wazungu, keshokutwa wa wizara. Mwaka wa tatu huu. Lakini mgeni humwambii ondoka. Nasubiri." Akaonyesha ukutani kwa kidole. "Na karatasi si mlinipa, kwamba kitanda ni changu?"

Jamani! Roza alitamani ardhi ile ile ya baridi immeze. Alikunywa yale maji, akashukuru, akaenda moja kwa moja kwa Ndugu Saulo.

"Ndugu Saulo, kile kitanda cha chumba cha mbele sio chetu."

"Cha nani?"

"Cha Bibi Chiku. Alikiazimisha tu kwa ajili ya ufunguzi. Analala chini."

Ndugu Saulo akavuta droo, akatoa kadi, akaisoma taratibu. "Kimetolewa," alisema. "Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Basi."

"Alisema 'nilikitoa'. Alikuwa na maana ya kukitoa chumbani. Sikuuliza zaidi."

Ndugu Saulo akaweka kadi mezani, akajifuta uso kwa viganja. Hakuwa mtu mbaya, na mimi sitamfanya mbaya ili hadithi inoge. Alikuwa mtu aliyeandikia makao makuu barua nyingi zisizojibiwa, na orodha ile ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza walichomsifia.

"Dada Roza, sikiliza. Orodha imeshakwenda Dar. Kitu chenye namba hakitoki humu bila maelezo ya maandishi, na maelezo lazima aandike aliyekosea. Nikiyapata, sina budi kuyaweka kwenye ripoti yako ya chuo. Chuo chako wataita uzembe. Umewaandikia serikali mali isiyo yao! Utarudia mafunzo, pengine mwaka mzima."

"Na nisipoandika?"

"Mwisho wa mwezi unaondoka na ripoti safi." Akatazama dirishani. "Na bibi... bibi amezoea."

Hapo ndipo Roza alipobanwa. Mnapaswa kumjua Mihayo, baba yake. Alihama Shinyanga na ng'ombe wake Roza akiwa shule ya msingi, wakatembea nao mpaka Usangu, na huko ukoo ukakaa kikao kuhusu huyu binti anayeng'ang'ania vitabu. Wajomba wakataka aolewe. Kaka yake Shija akataka aolewe. Mihayo, asiyejua kusoma hata jina lake, akawaambia atakayemgusa mwanawe akiwa shule atakula naye sahani moja. Akampeleka sekondari Mbeya, kisha chuo, na kila mwaka ukoo ulimwuliza: bado tu? Kila mwaka Mihayo alijibu: umebaki mmoja. Sasa Roza aende akamwambie mzee yule kwamba mwaka umeongezeka? Shija angecheka mpaka ng'ombe wakimbie.

Kwa hiyo akanyamaza. Nasema wazi, alinyamaza, na hakuwa na sababu kubwa ya kuwaeleza. Alikuwa amechoka tu. Uchovu ndio uliompa ushauri, ukamwambia kesho, ukamwambia bibi mwenyewe halalamiki, ukamwambia wewe si ndugu yake. Alipanda Kihesa jioni, akachota maji, akaosha masufuria. Asubuhi aliposhuka alipita getini haraka ili asikutane na Bi Chiku, na Bi Chiku akamwita kwa sauti ya furaha kutoka uani, "Mgonjwa wangu, umeamkaje?" Akajibu ameamka salama. Alijichukia siku nzima.

Kisha, mwezi unaelekea ukingoni, likaja darasa la wanafunzi kutoka Mufindi, wamevaa sweta za bluu, vumbi la lori limewageuza nywele. Ndugu Saulo akawapitisha vyumbani, Roza nyuma akihakikisha hawashiki vitu. Walipofika chumba cha mbele Bi Chiku alikuwa ameshatangulia. Alikuwa ameingia chini ya kamba ya katani, amenyoosha shuka, amepangusa ubao wa kichwani kwa upindo wa khanga yake. Akasimama pembeni, mikono ameikunja tumboni, kama mama anayewatazama wageni wakila chakula alichopika.

"Hiki," alisema Ndugu Saulo, macho hayaelekei kwa Roza, "ni kitanda cha aina aliyolalia Mzee Jaha."

"Kizuri!" akasema msichana mmoja. Uso wa Bi Chiku ukanawiri.

Wakatoka wote, wakapanda lori lao, wakaondoka wakiimba. Bi Chiku alibaki barazani, khanga ameibana kifuani, anakohoa, anatazama lori likipinda. Lilipopotea akamgeukia Roza, na bila lawama yoyote, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, akasema, "Hawa ndio wa mwisho, mwanangu?"

Roza akageuka, akaingia ofisini, akachukua karatasi bila kuomba ruhusa, akaandika amesimama. Aliandika kwamba yeye, Roza Mihayo, mwanafunzi, ndiye aliyejaza kadi kimakosa, kwamba mwenye kitanda hakukusudia kukigawa, kwamba hakuna mwingine wa kulaumiwa. Akatia sahihi. Machozi yalimtoka wakati anaandika, ya hasira zaidi kuliko huzuni, akayafuta kwa mkono wenye wino, uso ukaharibika.

Ndugu Saulo alisoma, akasoma tena. "Una hakika?"

"Nimechoka, Ndugu Saulo. Chukua kabla sijabadilika."

Ndugu Saulo akavua koti la kaunda suti yake, akalitundika kwenye kiti, akamwita Faustin. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Roza kumwona anafanya kazi ya mikono. Walikilegeza kitanda kwa nyundo ya mbao, wakachomoa matendegu, wakabeba vipande kupitia ukumbini mpaka uani, Afisa anatoka jasho na kupiga chafya kwa vumbi. Roza aliikwangua ile namba kwa wembe na mafuta ya taa, na rangi ya kucha ya Yunusu ikagoma kutoka mpaka ikachubua mti. Bi Chiku aliwafuata huku na huku na ufagio mkononi, amechanganyikiwa.

"Kwani wageni wameondoka?"

"Wameondoka, bibi," alisema Roza.

"Wote?"

"Wote. Wamekushukuru sana."

Bi Chiku akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," alisema. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akawaangalia wanaume wakikisimamisha kitanda chake chumbani, na hapo ndipo ilipoonekana jinsi alivyochoka yule bibi, mabega yameshuka, mikono imelegea mapajani. Miaka mitatu alikuwa amejikaza kwa ajili ya wageni.

Ripoti ikaandikwa siku ile ile. Ndugu Saulo alisifia bidii, alisifia mwandiko, kisha akaweka sentensi yake ya mwisho kuhusu umakini, kama alivyoahidi, akaifunga bahasha bila kumtazama. Roza akaiweka sandukuni. Alikuwa anajua kilichomo, na alikuwa anajua atakachomwambia baba yake: umebaki mmoja, baba, na mmoja tena. Basi la asubuhi linakwenda Mbeya, atateremka Chimala, atatembea. Hakuwa na nguvu ya kuwaza zaidi ya hapo.

Alipopanda Kihesa kuaga, akakuta wageni wa Mama Paskalina wametoka Njombe, wamejaa mpaka jikoni. Mama Paskalina alimkumbatia, akamwombea safari njema, akamwonyesha kwa macho kwamba nafasi hakuna. Roza akajitwika sanduku lake, akateremka tena mjini jua linazama, akabisha hodi kwa Bi Chiku.

Bibi alimpokea kwa vigelegele. Walikula ugali na maharage, wakaoga maji ya moto, wakaongea kidogo habari za Usangu na habari za marehemu Muharami. Kitanda kilijaza chumba. Bi Chiku alikuwa amekitandika shuka lile lile lililokuwa kule mbele, limefuliwa. Alilipigapiga kwa kiganja.

"Panda, mwanangu. Una safari."

"Hapana bibi! Hicho ni chako. Nimekuja nikuone wewe umelala juu yake."

"Chini watalala wageni wa wenzangu, sio wangu." Alikwisha kuutandika mkeka pembeni ya ukuta, ule ule mkeka, na blanketi lake moja. "Unataka Iringa nzima waseme Chiku kamlaza mgeni chini, na kitanda kipo?"

"Mimi sio mgeni, bibi."

"Ulimi wako bado uko njiani na wewe sio mgeni?" Akacheka, kisha akaona uso wa Roza, akaacha kucheka. "Usiniaibishe, mwanangu. Panda."

Kuna mambo mtu wa kwetu hawezi kuyakataa, na hilo ni moja. Roza akapanda. Kamba zilimpokea zikamshika mgongo mzima, kuanzia shingoni mpaka visiginoni, na mwili ambao haukujinyoosha tangu Usangu ukafunguka kiungo kimoja kimoja. Karibu alie kwa raha. Bi Chiku akapuliza kibatari, akajilaza chini, akavuta blanketi. Akakohoa. Ardhi ilikuwa imeanza kutoa baridi yake.

Roza akaapa moyoni kwamba hatalala. Bibi akishashikwa na usingizi tu, atashuka polepole, atambeba, ni mwepesi yule, atampandisha kitandani mwake na kumfunika, na yeye atakaa mkekani mpaka basi. Akafumbua macho kwa nguvu gizani. Akamsikia bibi akikohoa, akijigeuza, akikohoa tena. Bado, akajisemea, bado kidogo. Akaanza kuhesabu vikohozi ili asisinzie, na kabla hajafika popote usingizi ukamchukua, akalala fofofo mpaka asubuhi.